MCHUKUZI ANANYONGWA, MWENYE MZIGO YUKO WAPI?



Wako wenzetu walionung'unika waliposikia kwamba ukurasa huu mwezi huu utasema habari za watu waliohukumiwa kufa katika nchi za mbali kwa sababu ya madawa ya kulevya. Wamesema kwamba chama ni cha mishahara, na posho, na viatu vya kazi, na kwamba mambo ya unga hayatuhusu. Twawajibu mapema, ili asiyetaka kuendelea ageuze karatasi na kusoma habari za michango. Yatuhusu kwa sababu wengi wa watu hao ni watu wa kazi, au ni watu waliotoka nyumbani wakitafuta kazi. Tena, kama kuna watu duniani wanaojua mambo ya mzigo na mchukuzi, ni sisi wa reli.

Kwanza tukumbushane habari yenyewe. Mwezi wa Julai 2023, binti mmoja wa Kenya, mwenyeji wa Murang'a, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa mji wa Ho Chi Minh, nchi ya Vietnam, akiwa safarini kwenda Laos. Katika sanduku lake zilionekana kilo 2 na zaidi za kokeini. Jina lake magazeti yote yaliliandika. Sisi hatutalirudia, maana ana mama yake na ndugu zake na wametosha kusumbuliwa. Alisema mbele ya mahakama kwamba alikodiwa na mtu wa hapa Kenya kupeleka mzigo, na kwamba hakujua kilichofichwa ndani. Mwezi wa Machi 2025 mahakama ya huko ilimhukumu kufa. Habari zikaenea kwamba ataondolewa duniani tarehe 17 ya mwezi huo huo, na Wakenya wakapiga kelele kila mahali, hata Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nchi za Nje, Bwana Korir Sing'oei, akazungumza na wakubwa wa Vietnam. Siku ile ikapita bila ya kuuawa.

Sisi hatusemi kwamba binti huyo hakuwa na hatia. Hatukuwako. Mahakama ilisikia mambo ambayo sisi hatukuyasikia, katika lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Tunachouliza ni kingine: hata kama alijua, je, kifo ndicho kipimo cha kazi aliyoifanya?

Wenzetu wa idara ya mizigo watatuelewa upesi. Mtu akileta kifurushi stesheni, karani huandika karatasi: nani anayepeleka, nani atakayepokea, kuna nini ndani, uzito wake kiasi gani. Behewa likisha kufungwa hutiwa lakiri, na gadi wa treni hulipokea vile vile lilivyo, hana ruhusa ya kulifungua. Lakiri ikifika nzima lakini ndani kukakosekana magunia kumi, hakuna bwana stesheni mwenye akili ambaye humkamata gadi peke yake akasema mambo yamekwisha. Huitafuta ile karatasi, na humtafuta aliyetia sahihi. Kama gadi alishiriki katika wizi ataadhibiwa, na ni haki yake aadhibiwe. Lakini karatasi ndiyo inayosema mzigo ni wa nani.

Katika biashara ya unga karatasi haiko, na haiko kwa makusudi. Mwenye mali hukaa mbali, hatii sahihi popote, tikiti hununuliwa kwa jina jingine, simu hutupwa. Anayebaki mkononi ni mchukuzi, naye amechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo, kwamba akipotea hasara ni ndogo. Wakubwa wa biashara hiyo wameishaingiza kukamatwa kwake katika hesabu zao, kama vile mwenye duka anavyohesabu mayai yatakayopasuka njiani. Serikali inayomnyonga mchukuzi hudhani imempiga mwenye mali, kumbe imemvunjia yai moja.

Mtu atatuuliza, mwenye mali akipatikana hufanywa nini? Tunao mfano wa nyumbani. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash Akasha na Ibrahim Akasha, walikamatwa mwaka 2014, na Januari 2017 wakapelekwa Marekani. Huko walikiri makosa yao, pamoja na kwamba walikuwa wakiwahonga watu wa serikali hapa Kenya ili kesi yao isiende. Mmoja alifungwa miaka 25 mwaka 2019, na mwingine miaka 23 mwaka 2020. Hatusemi ni kidogo, miaka 25 ni maisha ya mtu. Hatutaki wala hatukuomba wanyongwe. Lakini pimeni wenyewe: waliokuwa wakuu wa biashara walipewa miaka ya kuhesabika, na mbeba sanduku akapewa kifo. Tofauti haikutokana na ubaya wa kosa. Ilitokana na mahali mtu alipokamatwa.

Wala si hilo tu. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi katika bahari karibu na Kenya likiwa na heroini zaidi ya kilo 1,000. Soma tena: kilo elfu moja. Desturi ya manowari hizo za mataifa, zikipata unga katika bahari kuu, ni kuuharibu na kuwaacha mabaharia waende zao, kwa kuwa hakuna mahakama iliyo tayari kuwapokea. Basi baharia wa jahazi lililobeba tani nzima huweza kurudi kwao akala futari na watoto wake, na mwenye kilo 2 katika sanduku akasubiri siku ya kufa. Sheria ambayo kali yake hutegemea kama ulikuwa majini au nchi kavu, sisi twaiita bahati nasibu.

Hapa lazima tusimame tuwasikilize wenzetu wanaosema, "Wacha wafe, wanawaua watoto wetu." Ni neno zito na hatulipuuzi. Waliofanya kazi Mombasa wamewaona vijana wa Malindi na Likoni na Lamu waliokwisha kuwa kama vivuli kwa sababu ya heroini, wanaouza sufuria ya mama yao. Hata hapa Kakamega hatuna sababu ya kujigamba. Bangi tunaijua, na chang'aa imewazika watu wa rika letu wengi kuliko ajali za reli. Mtu aliyempoteza mtoto kwa unga ana haki ya kukasirika. Lakini hasira ni jambo moja na dawa ni jambo jingine. Iran na China na Saudi Arabia zimeua watu wengi sana kwa ajili ya madawa. Mwaka 2024, katika watu waliouawa kwa hukumu duniani ambao shirika la Amnesty International liliweza kuwahesabu, zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa wa makosa ya madawa ya kulevya, nao hawahesabu China wala Vietnam, kwa kuwa nchi hizo hufanya idadi hiyo kuwa siri ya serikali. Je, unga umekwisha Iran? Haukukwisha. Palipopatikana nafuu kidogo hapa kwetu ni pale serikali ilipofungua vituo vya kuwapa wagonjwa dawa ya methadoni, Malindi na Mombasa na Nairobi, tangu miaka ya 2014 na 2015. Mgonjwa akipata dawa yake asubuhi haibi sufuria jioni, na mwenye unga hupoteza mteja.

Kuna nchi ambako hata bangi humwua mtu kwa kamba. Katika Singapore, gramu zaidi ya 500 za bangi zatosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi, na heroini gramu 15, uzito wa vijiko vichache vya chai. Aprili 2022 walimnyonga mtu wa Malaysia kwa gramu kama 43 za heroini, ambaye madaktari walikuwa wamempima akili wakaona ni mpungufu. Aprili 2023 wakamnyonga mwingine kwa kilo moja ya bangi ambayo yeye hakuishika kwa mkono wake. Hoja kubwa ilikuwa namba za simu. Hebu mtu aende katika mahakama ya Kakamega siku yoyote ya juma asikilize kesi za bangi. Ataona vijana wakitozwa faini, wakifungwa miezi, wakipewa kazi ya kufyeka majani ya ofisi za serikali. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ni kali sana kwa wafanya biashara, inafika kifungo cha maisha, lakini haina kifo kwa madawa. Tuishukuru kwa hilo.

Sasa, ni nani asemaye kwamba kifo hakifai kwa kosa hili, au ni maneno yetu tu ya stesheni? Mapatano ya mataifa juu ya haki za raia na za siasa, ambayo Kenya iliyatia mkono mwaka 1972 na Vietnam mwaka 1982, yanasema katika kifungu cha 6 kwamba nchi ambayo haijaondoa hukumu ya kifo yaweza kuitumia kwa makosa mazito kupita yote tu. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayoyasimamia mapatano hayo ilieleza waziwazi mwaka 2018 kwamba maana yake ni kuua kwa kusudi, na kwamba makosa ya madawa ya kulevya hayamo. Kwa hiyo si suala la huruma peke yake. Ni suala la mkataba uliotiwa sahihi, na sisi watu wa chama twajua uzito wa mkataba. Mwajiri akitia sahihi mapatano ya mishahara kisha akayafanya kama karatasi ya kufungia sukari, hatumwombi huruma. Twamwonyesha sahihi yake.

Na jambo la kushangaza ni kwamba Vietnam yenyewe imeanza kuiona hoja ya mchukuzi. Tarehe 25 Juni 2025 Bunge lake liliondoa hukumu ya kifo kwa makosa 8, na mojawapo ni kusafirisha madawa ya kulevya. Sheria hiyo ilianza tarehe 1 Julai 2025, na wale waliohukumiwa zamani kwa makosa hayo, ambao walikuwa bado hawajauawa, hukumu zao zikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Kutengeneza madawa na kuyafanyia biashara bado kuna kifo huko, jambo tusilolikubali. Lakini angalieni walipokata mstari: kati ya anayebeba na anayeuza. Malaysia nayo, mwaka 2023, iliondoa ile sheria iliyomfunga jaji mikono asiweze kutoa adhabu nyingine ila kifo. Yakiwezekana huko, ambako kwa miaka mingi walijulikana kwa ukali, hatuoni kwa nini pengine yashindikane.

Kuna sababu nyingine ya kutomwua mchukuzi, nayo hata mtu asiye na huruma aweze kuikubali: maiti hatoi ushahidi. Mwaka 2010 mwanamke wa Ufilipino, Mary Jane Veloso, aliyekuwa akitafuta kazi ya nyumbani, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Yogyakarta, Indonesia, akiwa na kilo 2.6 za heroini katika sanduku alilopewa na watu waliomwahidi kazi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2015 alitakiwa kupigwa risasi pamoja na wengine 8. Wale 8 walipigwa. Yeye aliachwa dakika za mwisho, kwa sababu aliyemwandikisha kazi alikuwa amejitokeza mbele ya polisi kwao, na serikali ya Ufilipino ikasema inamhitaji kama shahidi. Desemba 2024 alirudishwa kwao. Angekuwa amezikwa, nani angesimama kusema, "Huyu ndiye aliyenipa sanduku"?

Huko Hong Kong, ambako hakuna hukumu ya kifo, Padre John Wotherspoon, mhudumu wa wafungwa, aliona Waafrika wakifika kwa wingi na unga, wengi wao Watanzania. Tangu mwaka 2013 akawahimiza waandike barua kwa mikono yao, waseme walivyoshawishiwa na waonye wengine wasije. Barua hizo zikatangazwa Afrika Mashariki. Barua moja ya mfungwa aliye hai yafaa kuliko makaburi mia. Waganda 2 waliouawa China mwaka 2014 kwa kosa hilo hawakupata nafasi ya kuandika zaidi.

Tuje nyumbani, maana hapa ndipo tunapotaka wanachama wafikiri kwa bidii. Kenya iliomba Vietnam isimwue mtu wetu. Ni vyema. Lakini Kanuni yetu ya Adhabu bado ina kifo. Kifungu cha 296(2) chasema mtu akifanya unyang'anyi akiwa na silaha, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimjeruhi mtu, ahukumiwe kufa, hata kama hakuna aliyekufa. Mahakama Kuu kupita zote, katika kesi ya Muruatetu, tarehe 14 Desemba 2017, ilisema si halali jaji kulazimishwa kutoa kifo katika kesi za kuua, lakini kifo chenyewe hakikuondolewa. Kitanzi hakijatumika tangu mwaka 1987, walipouawa askari wa jaribio la mapinduzi ya 1982. Marais wamekuwa wakigeuza hukumu: zaidi ya watu 4,000 mwaka 2009, na 2,747 mwaka 2016. Desemba 2024, katika Umoja wa Mataifa, Kenya ilipiga kura ya kuunga mkono kusimamishwa kwa hukumu hiyo duniani. Basi kama hatuitumii, na tunawaomba wengine wasiitumie, tunaiwekea nini? Mtu anayekwenda kwa jirani kuomba moto hafichi wake nyuma ya mgongo.

Tena sisi Wakenya tuna kumbukumbu yetu. Wakati wa Hali ya Hatari Waingereza waliwanyonga watu zaidi ya 1,000, na wengi hawakuhukumiwa kwa kumwua mtu. Wengine walikutwa na risasi, wengine walilisha kiapo, wengine walikuwa pamoja na wenye silaha. Dedan Kimathi mwenyewe alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 kwa kosa la kukutwa na bastola na risasi. Kukutwa na kitu! Hatulinganishi mpigania uhuru na mbeba unga, mtu asitutie maneno mdomoni. Twasema tu kwamba tunajua ilivyo serikali inapoona kitu kilichomo mfukoni mwa mtu ni sababu tosha ya kumwua.

Sasa hapa Kakamega. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilipotiwa mkononi mwa mrasimu mwaka 2019, watu wengi walikuwa wamekwisha kupoteza kazi, na wenye mashamba ya miwa wakabaki na deni. Vijana wa Butere, Matungu, Malava na Shinyalu wanakwenda Ghuba na Asia kila mwezi. Wengi wanakwenda kwa kazi ya halali na wanaleta fedha za halali. Tusiwatie wote katika gunia moja. Lakini katikati yao huingia mtu mwenye maneno matamu ambaye hana ofisi, hana bango, humlipia kijana tikiti kwa ukarimu usio na sababu, na siku ya safari humletea sanduku jipya, akisema la zamani halifai kwa watu wa uwanja wa ndege. Sheria ya mwaka 2010 ya kuzuia biashara ya kuwauza watu ipo, na yatosha kabisa kumkamata mtu kama huyo. Tunataka kuona wanaoandikisha watu wakisimama kizimbani Kenya, si wale wanaosafiri peke yao kusimama kizimbani Asia.

Lingine ni balozi. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963 juu ya makonsuli, kifungu cha 36, humpa kila mtu anayekamatwa ugenini haki ya kutaka ubalozi wake uarifiwe bila kuchelewa. Wengi hawaijui haki hii, na askari wa huko hawana haraka ya kuwaambia. Kenya haina balozi kila nchi; habari za binti wa Murang'a zilipitia ubalozi wetu wa Bangkok, Thailand. Mtu alikamatwa Julai 2023 na sisi raia tukaanza kupiga kelele Machi 2025. Miezi ishirini! Wakili wa kwanza ndiye anayejenga kesi au kuibomoa, naye huhitajika siku ya kwanza, siyo wiki ya mwisho. Wizara ilete mbele ya Bunge kila mwaka hesabu ya Wakenya waliofungwa ugenini, nchi kwa nchi, na wangapi wanangoja kufa. Nambari tu, bila majina.

Na tusisahau kwamba anayeua kwa ugomvi Saudi Arabia ana mlango mmoja uliobaki wazi, kwamba jamaa za marehemu waweza kupokea diya na kusamehe, kama tulivyoona mwaka 2025 Mkenya mmoja alivyoachiliwa baada ya miaka mingi. Kwa madawa hakuna jamaa wa kumwendea, na harambee haisaidii. Msamaha hutoka kwa mfalme, au hautoki. Mwaka 2024 Saudi Arabia iliua zaidi ya watu 100 kwa makosa hayo, na wengi walikuwa wageni. Mtoto wetu akifa huko, huenda maiti isirudi, na wazee watazika mgomba badala ya mtu.

Kwa hiyo wajumbe wa tawi letu wamepewa azimio la kupeleka kwenye mkutano mkuu. Linaomba mambo matatu: Serikali iombe hukumu za kifo za Wakenya wote waliofungwa kwa madawa ugenini zigeuzwe, bila kungoja magazeti, Bunge liondoe kifo katika Kanuni ya Adhabu, na polisi wachunguze wanaoandikisha watu kazi bila leseni katika wilaya zetu za magharibi. Atakayepinga azimio aje apinge, mkutano ni wa wote. Na mwanachama mwenye mtoto au ndugu anayesafiri mwaka huu amlete kwa katibu wa tawi kabla ya kuondoka, akiwa na nakala ya pasipoti, jina la mwajiri na anwani ya anakokwenda. Katibu ataziandika katika daftari la tawi, ambalo liko tayari. Ofisi hufunguliwa Jumanne na Alhamisi baada ya saa kumi za jioni. Sanduku asilete, hilo aliye safarini alifunge mwenyewe, nyumbani kwao, mbele ya mama yake.